Mitungi minne ya kuzimia moto, na mlango wa nyuma una kufuli: mkaguzi amenionea?

"Nina karakana ya ushonaji ghorofa ya pili kwenye jengo la kupanga. Tuko watu kumi na wanane, cherehani kumi na nne, pasi mbili, na pembeni kuna stoo ya vitambaa na sponji. Wiki iliyopita alikuja mkaguzi wa zimamoto. Nilidhani nitapita bila shida, maana nilishanunua mitungi minne mipya, lakini hakuiangalia hata dakika mbili. Alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa nyuma, akakuta kufuli, akaandika kwamba nisiporekebisha ndani ya siku thelathini hanipi cheti. Mlango huo niliufunga baada ya kuibiwa marobota mawili ya kitambaa kupitia hapo. Ufunguo anakaa nao msimamizi. Ametaka pia king'ora, mpango wa kujiokoa wa maandishi, na amelalamikia ekstensheni za umeme. Hii si kuonewa? Na kama mwezi huu nina pesa ya kufanya jambo moja tu, nianze na lipi?"

Mitungi umeinunua kwa pesa yako, ukaitundika ukutani, ukaisubiri ikusemee mbele ya mkaguzi, naye akapita kama hajaiona. Ningekuwa wewe nami ningenuna. Lakini hukuonewa. Ningetumwa mimi kukagua hapo, ningeanza palepale alipoanzia yeye, na kwa lile kufuli nisingekupa siku thelathini. Ningekuomba ulitoe kabla sijashuka ngazi.

Swali lako limebeba hofu mbili, mwizi na cheti. Zote ni za haki na nitazijibu. Ila kuna hesabu moja ambayo haimo kwenye swali, nayo ndiyo iliyompeleka mkaguzi mlangoni: moto ukianza, watu wako kumi na wanane wana dakika ngapi?

Tuanze na mitungi, kwa kuwa hapo ndipo wengi wanapojidanganya. Mtungi wa unga wa kilo 6, ukibonyezwa mfululizo, unaisha kwa takriban sekunde 20, na mara nyingi hata hazifiki. Wa kaboni dioksaidi wa kilo 2 ni kama sekunde 10. Vyombo hivi vimetengenezwa kwa ajili ya moto ambao bado mchanga: kikapu cha taka, kona ya meza, pasi iliyosahauliwa juu ya kitambaa. Moto ukishapanda ukutani na kulamba dari, umekwisha kuuzidi mtungi nguvu. Wala mitungi minne si nguvu mara nne, kwa sababu anayezima ni mtu mmoja, anaanza na ulio karibu, na wakati anakimbilia wa pili moto haumsubiri. Mtungi ni wa kuua moto mchanga au wa kukusafishia njia utoke. Anayeushika ahakikishe mlango uko mgongoni mwake, moto uko mbele yake. Mambo yakigeuka, autupe, aondoke.

Na kitakachowafikia kwanza si ndimi za moto, ni moshi. Moshi wa moto hupaa hadi dari, ukikosa pa kwenda hutambaa kuta hadi kuta, kisha huanza kushuka, kama maji yanayojaza tangi ila yanajaa kutoka juu kwenda chini. Ndani yake mna kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo hung'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu halii kwamba anakabwa. Anachanganyikiwa, miguu inaisha nguvu, anakaa chini "kidogo" halafu hainuki. Sponji yako ina la ziada: ikiungua hutoa pia sianidi, sumu kali. Ndiyo sababu tunawaambia watu watambae: hewa inayofaa kuvutwa hubaki chini, karibu na sakafu.

Kisha kuna kile ambacho asiyewahi kukiona huwa haamini. Tabaka la moshi chini ya dari likifikia nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi, joto lake humwagika chini na kuchoma kila kitu kwa pamoja, hata ambacho mwali haujakigusa. Chumba kizima kinashika moto kama kimewashwa kwa swichi moja. Chumba chenye sponji na vitambaa vya sintetiki kinaweza kufika hapo dakika 3 hadi 5 tangu mwali wa kwanza. Vyumba vya zamani vya mbao na pamba vilihitaji karibu nusu saa, na nadhani ndipo ilipotoka ile imani ya kwamba kuna muda wa kuokoa mashine, droo ya pesa na vitabu vya hesabu. Muda huo haupo tena.

Sasa toa kwenye dakika hizo zile za kugundua kwamba kuna moto, za kubishana kama ni kitu kikubwa au kidogo, na za kutafuta ufunguo. Hii ya mwisho nimeipima. Katika karakana inayofanana na yako nilimwomba msimamizi anifungulie mlango wa nyuma, nikaangalia saa bila kumwambia. Akapapasa mfuko wa kulia, akapapasa wa kushoto, akakumbuka koti. Koti lilikuwa kwenye msumari, chumba cha kukatia. Shada lilikuwa na funguo kumi na moja, wa tatu ndio ulioingia, nao ukagoma kuzunguka kwa kutu. Dakika mbili na sekunde arobaini. Ulikuwa mchana kweupe, taa zinawaka, hakuna anayekohoa wala anayemsukuma mgongoni. Na siku hiyo msimamizi alikuwepo kazini.

Kanuni hii ya mlango usiohitaji ufunguo imeandikwa kwa damu ya washonaji. Tarehe 25 Machi 1911 kiwanda cha nguo cha Triangle jijini New York, kilichokuwa ghorofa ya 8, ya 9 na ya 10, kilishika moto na watu 146 wakafa, wengi wao wasichana. Ghorofa ya 9 mlango mmoja wa ngazi ulikuwa umefungwa, maana wafanyakazi walipitishwa mlango mwingine ili mikoba ikaguliwe wasitoke na kitambaa. Hofu yako wewe na ya wale wenye kiwanda ni ileile. Ghorofa ya 10 walipigiwa simu kutoka ya 8 wakawahi kupanda juu ya paa. Ya 9 hakuna aliyeiarifu, na huko ndiko walikokufa wengi. Ngazi za zimamoto zilifika ghorofa ya 6 tu. Hayo mawili, mlango na king'ora, ndiyo yaleyale aliyokuandikia mkaguzi wako zaidi ya miaka 100 baadaye.

Haya, mwizi. Hakuna aliyekuambia uache mlango wazi. Kanuni ya msingi, inayofanana karibu kila nchi, ni kwamba aliye ndani aufungue kwa tendo moja, bila ufunguo, bila kufundishwa, hata gizani. Aliye nje hahusiki. Kwake unaweza kuwa ukuta.

Kinachofanya kazi hiyo vizuri zaidi ni komeo la kusukuma: bomba lililolala kwenye mlango usawa wa kiuno, ukilisukuma kwa mkono au hata kwa tumbo mlango unafunguka, na upande wa nje hakuna hata pa kushika. Lifunge pamoja na king'ora kidogo cha mlango kinacholia kila unapofunguliwa. Nikuambie kitu ambacho huenda hukupenda kukiwaza: robota la kitambaa halibebwi mfukoni, na mlango wa nyuma mara nyingi hufunguliwa na mkono ulio ndani. Kufuli ambalo ufunguo wake uko kwa mtu wako halimzuii huyo. King'ora kinamtangaza.

Kama komeo hilo linakushinda bei, kuna kitasa chenye kirungu cha kuzungusha kwa ndani. Kwa watu wachache wanaolijua jengo, baadhi ya wakaguzi hukikubali. Kwa sehemu inayoingia umma au watu wengi hawakikubali. Muulize wako kabla hujanunua, na umwombe aandike. Kufuli za sumaku zinazoachia umeme ukikatika au king'ora kikilia ni nzuri kwa jengo kubwa lenye fundi wake. Kwa karakana ya watu kumi na wanane naona ni kujitafutia ugonjwa, na mwizi akizima umeme umemfungulia mwenyewe. Ufunguo ndani ya kisanduku cha kioo sikupendekezei kabisa. Siku ya kuuhitaji utakuta mtu aliuazima.

Na kufuli la usiku, wakati hakuna mtu ndani? Sehemu nyingi huruhusiwa, tatizo ni asubuhi ya kusahau. Niliwahi kuona karakana iliyolitatua kwa msumari mmoja: kando ya swichi kuu ya umeme kulikuwa na msumari uliopakwa rangi nyekundu, na cherehani hazikuwashwa mpaka kufuli la mlango wa nyuma lining'inie pale. Lisibaki kwenye pete ya mlango "likiwa wazi", kwa sababu mpita njia mwenye nia njema atalibana.

Ukishashughulika na mlango, toka nje uangalie ulikofika. Nimekuta komeo zuri la kusukuma linalokutoa uani, na ua wenyewe una geti lenye kufuli. Njia ya kujiokoa inaishia mahali ambapo mtu anaweza kwenda mbali na jengo, si kizingitini. Tembea njia yote ukiwa umefumba macho nusu: marobota yamebanana wapi, ngazi ina taa ya betri inayowaka umeme ukikatika, upana unampitisha mtu bila kugeuka ubavu? Sentimita 80 za uwazi ni kipimo cha chini kinachokubalika sehemu nyingi. Mlango ufunguke kuelekea nje. Kanuni nyingi hulazimisha hilo watu wakifika 50 au 60, lakini hata kumi na wanane wakisukumana kwenye mlango unaovutwa ndani, aliye mbele hawezi kuuvuta. Kama madirisha yana nondo, angalau moja liwe na nondo za kufungua kutoka ndani.

Usiwaachie watu wako kubuni siku hiyo. Binadamu akiogopa hukimbilia mlango alioingilia asubuhi. Mwezi Februari 2003, kwenye klabu ya usiku ya The Station huko Rhode Island, Marekani, fataki za jukwaani ziliwasha sponji iliyobandikwa ukutani. Wengi walirudi mlango wa mbele, na ndani ya kama dakika moja na nusu ulikuwa umeziba kwa miili, ilhali milango mingine ilikuwepo. Walikufa watu 100. Kwa hiyo wakati mwingine waagize wafanyakazi watoke kwa mlango wa nyuma hata kwa kwenda tu kula. Mwili ujifunze.

Mpango wa maandishi aliokuomba haupaswi kuwa kitabu. Kurasa mbili zinatosha: mchoro wa sakafu unaoonyesha milango, mitungi na swichi kuu, nani anapiga simu zimamoto na kutaja anwani, ghorofa na kinachoungua, nani anazima umeme kama swichi iko njiani, nani anapita chooni na stoo kuangalia kama kuna mtu, nani anamsaidia yule mwenye mguu mbovu au mjamzito, na wote wanakutana wapi. Mahali pa kukutana pawe pa kutajika, chini ya mti fulani au mbele ya lango fulani. "Nje" si mahali. Hapo mtu mmoja anaita majina. Zimamoto wakifika swali lao la kwanza litakuwa kama kuna aliyebaki ndani, na jibu la "sidhani" humfanya mtu aingie kwenye moshi kumtafuta mtu aliyekwisha kwenda zake nyumbani. Kila kazi iwe na jina la akiba, maana msimamizi naye huumwa. Kisha fanyeni zoezi mara mbili kwa mwaka bila kutangaza, mpime kwa saa ya simu, muandike tarehe na muda. Karatasi hiyo ya mazoezi humridhisha mkaguzi kuliko mchoro wa rangi.

King'ora kwenye chumba kimoja kisicho na kuta hakihitaji mitambo mikubwa, ila kisikike cherehani kumi na nne zikikimbia. Kijaribu zikiwa zinakimbia. Mahali pa kwanza pa kuweka kitambua moshi ni stoo, kwa kuwa huko ndiko moto unakoweza kukua bila macho ya mtu. Mvuke wa pasi hukipigisha kelele bure, kwa hiyo sehemu ya kupigia pasi weka cha kutambua joto. Jaribu kitufe kila mwezi. Kitambua moshi kikifika miaka 10 kibadilishwe hata kama bado kinalia. Na mlango wa stoo ukae umefungwa muda wote. Mlango mzima wa mbao uliofungwa unaweza kukununulia dakika kadhaa, na ule wanaoubania kigogo ili usijifunge haukununulii hata moja.

Ekstensheni, ambazo nahisi uliziona kama uchokozi wa mkaguzi, ndizo zinazoweza kuwasha huo moto wenyewe. Fanya hesabu. Ekstensheni ya ampea 10 kwenye umeme wa volti 230 inabeba wati 2,300. Pasi mbili za wati 1,800 kila moja ni wati 3,600, yaani karibu ampea 16. Joto kwenye waya haliongezeki sawa na mkondo, linaongezeka kwa kipeo cha pili: mkondo wa 16 badala ya 10 unaleta joto karibu mara mbili na nusu. Breka haitakuokoa, kwa sababu ile ya ampea 20 iliwekwa kulinda waya wa ukutani, na kwake 16 ni kawaida. Ekstensheni iliyoviringishwa ni mbaya zaidi, kwani joto halina pa kutokea. Leo jioni, baada ya saa moja ya kazi, zima kisha shika plagi na soketi. Vuguvugu, angalia kwa makini. Ikikufanya uondoe mkono, au plastiki imebadilika rangi, isitumike tena. Pasi kila moja ipate soketi yake ya ukutani.

Mitungi yako haikupotea bure. Iweke karibu na milango, usawa unaofikika, si ndani ya stoo. Mishale ya vipimo iwe kwenye kijani. Wa kaboni dioksaidi hauna mshale. Hupimwa kwa mizani, basi anayekuambia "ameukagua kwa macho" hajaukagua. Soma pia herufi zake kwa hadhari: kwa mfumo wa Ulaya C ni moto wa gesi, kwa mfumo wa Marekani C ni moto wa umeme. Kwa vitambaa unahitaji wenye A, na karibu na mashine na swichi usikose ulioandikwa kwamba unafaa kwa umeme. Ukaguzi wa mwaka afanye fundi mwenye kibali. Nimewahi kupewa mtungi wenye stika mpya kabisa, nikautikisa, unga ukagonga ndani kama jiwe moja.

Jambo la mwenye nyumba: kwa kawaida ngazi, korido na king'ora cha jengo zima ni mzigo wake, na yaliyo ndani ya mlango wako ni mzigo wako, lakini mkataba na sheria ya mahali ulipo ndivyo vinavyoamua. Mwandikie barua, uambatishe nakala ya ripoti ya mkaguzi, uweke tarehe. Moto wa mpangaji wa chini utapanda kwa ngazi zako, na king'ora chako cha ndani hakitaujua mpaka moshi uwe umefika.

Nianze na lipi, umeuliza. Kufuli. Kulitoa ni bure, unaweza kufanya kabla hujamaliza kusoma hapa, na pesa ya mwezi huu iende kwenye komeo la kusukuma na king'ora chake cha mlango. Zile ekstensheni kuzipunguza ni bure pia. Mpango ni karatasi na jioni moja. Vitambua moshi vifuate mwezi ujao. Mwandikie mkaguzi leo umweleze ulichokwisha kufanya na tarehe za vilivyobaki. Wengi wetu wakaguzi tukiona mtu ameanza na la hatari zaidi, huwa tunasikiliza ombi la kuongezewa siku.

Yapo mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi na unahitaji mtu aje aone. Kama ngazi zote mbili zinakutana chini mahali pamoja, au njia ya kufika mlango wa nyuma inapita mbele ya stoo, mwite mhandisi wa usalama wa moto au uombe zimamoto waje kukushauri. Huenda stoo ihamishwe au ijengewe ukuta. Breka inayoruka mara kwa mara, taa zinazofifia pasi zikiwashwa, au harufu ya plastiki karibu na boksi la umeme ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni, leo, na boksi lizimwe akisubiriwa.

Na kama kuna mlinzi au mfanyakazi anayelala humo usiku, wewe ukifunga nyuma ukaondoka, basi siku thelathini hazikuhusu. Aliyelala haamshwi na moshi, humzidishia usingizi. Usiku wa leo alale kwingine.